Vifaranga wa tilapia kutoka Busia: jinsi mwili wa samaki unavyopambana na virusi, na mambo ya kufanya kabla ya kupoteza akiba yenu

Tuseme kikundi chenu cha kuweka akiba kina watu 20. Mmechanga pesa kwa miezi mingi, mmechimba bwawa kwa mikono yenu, mmenunua vifaranga 1,000 wa tilapia kutoka kwa mtu aliyewaleta kutoka Busia. Wiki ya kwanza wanacheza vizuri. Siku ya kumi na mbili asubuhi mnakuta 30 wanaelea. Kesho yake ni 80. Mmoja wenu anasema maji yametiwa sumu. Mwingine anataja jina la jirani.

Hapo ndipo hasara ya samaki inapogeuka kuwa ugomvi wa watu. Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, soma makala haya. Inawezekana adui wenu ni kirusi kidogo sana, kisichoonekana kwa macho, kilichoingia ndani ya mfuko uleule uliobeba vifaranga.

Kwa ufupi

- Kuna virusi vinavyoua tilapia wa kufugwa. Chembechembe zake ziligunduliwa katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na Tanzania.
- Samaki anaweza kuwa navyo bila kuonyesha dalili yoyote.
- Virusi hivyo havimwambukizi binadamu.
- Hakuna dawa ya kuvitibu. Ulinzi mkubwa ni kinga ya samaki mwenyewe, na kinga hiyo inategemea jinsi mnavyomtunza.
- Vifaranga wapya watengwe kwanza. Msiwamwage moja kwa moja katika bwawa lenye samaki wengine.

Kwa nini tunazungumzia Busia?

Busia ni mji wenye sura mbili: Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na kati yake ni barabara na geti la mpaka. Kaskazini kidogo kuna Malaba na Tororo. Baadhi ya wasomaji wetu wanapafahamu vizuri. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Wakenya waliokimbia walivuka huko, wakapokelewa Mulanda katika wilaya ya Tororo, kisha wengi wakahamishiwa Kiryandongo.

Upande wa kusini, Busia inashuka hadi Ziwa Victoria. Uganda ina mwalo wa Majanji. Kenya ina Port Victoria na Mulukoba, ambako watu wanafuga tilapia katika vizimba ndani ya ziwa. Nchi kavu kuna mabwawa mengi. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki katika maeneo bunge mengi, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300 na kupewa vifaranga 1,000. Busia ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoingia katika ufugaji kwa nguvu.

Kwa hiyo vifaranga, chakula cha samaki na samaki wa kuuza hupita katika eneo hili kila wakati. Biashara hiyo inawasaidia watu. Lakini maji yanayosafiri na samaki hai husafiri pia na vijidudu, na virusi havisimami kuonyesha hati mpakani.

Ni virusi gani hivi?

Vinaitwa virusi vya tilapia vya ziwani, na wataalamu huviandika kwa herufi TiLV. Kuanzia mwaka 2009 wavuvi wa Israel waliona tilapia wakipungua sana katika Ziwa la Galilaya na wakifa katika mabwawa. Mwaka 2014 watafiti walieleza kwa mara ya kwanza kwamba chanzo ni kirusi kipya. Baadaye kilipatikana Ekuado, Misri, Thailand na nchi nyingine. Mwezi Mei 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa tahadhari kwa nchi zote zinazofuga tilapia.

Bwawa moja linaweza kupoteza samaki wachache, na jingine likapoteza wengi karibu wote. Wanaokufa zaidi ni wadogo, hasa katika wiki za kwanza baada ya kuhamishiwa bwawa jipya.

Ziwa Victoria: walipata nini?

Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tilapia 191 kutoka upande wa Uganda na Tanzania wa ziwa, wa kufugwa na wa porini. Walichukua vipande 442 vya viungo mbalimbali na kutafuta chembe za urithi za kirusi hicho. Vipande 28 vilikuwa navyo. Samaki wa kufugwa na wa porini hawakutofautiana.

Angalia vipande hivyo vilitoka wapi. Katika bandama, 21 kati ya 191 vilikuwa na kirusi. Katika figo ya kichwani, 5 kati ya 65. Katika moyo, 1 kati ya 29. Katika ini, 1 kati ya 140. Katika ubongo, hakuna hata kimoja kati ya 17.

Hili ni jambo la kushangaza kidogo. Katika milipuko mikali ya nchi nyingine, ini na ubongo ndivyo vilivyoharibiwa zaidi. Hapa kirusi kilionekana zaidi katika bandama na figo ya kichwani, yaani mahali ambapo askari wa mwili wa samaki wanakaa. Inawezekana samaki hawa walikuwa wamebeba kirusi kimyakimya, mwili ukikishikilia bila kukimaliza. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu: kipimo chao kinaonyesha alama za kirusi, hakithibitishi kwamba kirusi hicho kinaua samaki wa ziwa letu. Walitaka utafiti zaidi ufanywe.

Somo kwako ni hili: kifaranga mwenye afya machoni si lazima awe hana kirusi.

Mwili wa samaki unajilindaje?

Ufikirie mwili wa samaki kama kambi yenye uzio, walinzi wa zamu, kengele ya hatari, na kitabu cha kumbukumbu.

*Uzio.* Ute ule unaoteleza mkononi unapomshika samaki ni ngozi ya pili. Unanasa vijidudu na kuvisukuma nje, na ndani yake kuna kemikali za kuviua. Magamba yanasaidia, na ukuta wa utumbo pia. Sehemu dhaifu ni matamvua, kwa sababu lazima yawe membamba ili hewa ipite. Ndiyo maana samaki aliyeshikwa kwa mikono mikavu, aliyekwaruzwa na wavu au aliyebanana na wenzake katika mfuko kwa saa nyingi huwa amefunguliwa mlango.

*Kengele.* Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake. Lazima kiingie ndani ya seli na kuitumia kama kiwanda. Seli iliyovamiwa hutambua kitu kigeni na ndani ya saa chache hutoa ujumbe wa hatari unaoitwa intaferoni. Seli za jirani zikipata ujumbe huo hufunga milango: hutengeneza protini zinazozuia kirusi kisijinakili. Seli ya kwanza huenda ikafa, lakini majirani wamepata muda wa kujiandaa.

*Walinzi wa zamu.* Kuna seli zinazomeza vijidudu na seli zilizokwisha kuvamiwa, na nyingine zinazoua seli zilizoambukizwa kabla kiwanda hakijamaliza kazi. Hawa hawachagui adui. Hupambana na yeyote.

*Kitabu cha kumbukumbu.* Hii ni kinga inayojifunza. Samaki hana uboho wa kutengeneza damu ndani ya mifupa kama sisi. Kazi hiyo hufanywa na figo ya kichwani, iliyo mbele karibu na kichwa, ikisaidiwa na bandama. Huko seli humsoma adui na kutengeneza kingamwili za kumshika huyo na si mwingine. Kwa tilapia aliyeambukizwa TiLV, kingamwili huanza kuonekana katika damu baada ya wiki moja hadi mbili hivi. Baadaye hupungua, lakini kumbukumbu hubaki: adui akirudi, jibu huja haraka.

Hapo ndipo shida ya kifaranga ilipo. Kengele na walinzi hufanya kazi kwa saa na siku. Kitabu kinahitaji wiki. Kirusi kikali kinaweza kumaliza mchezo kabla kitabu hakijafunguliwa. Na kifaranga mdogo sana bado hana kitabu kamili. Anategemea uzio, kengele, na kingamwili kidogo alizorithi kwa mama kupitia yai. Mama huyohuyo, akiwa mgonjwa, anaweza pia kumrithisha kirusi.

Waliopona: baraka na hatari

Watafiti wa Israel waliona kwamba tilapia waliopona waliweza kustahimili walipoambukizwa mara ya pili. Kwa hiyo samaki wenu waliobaki baada ya vifo si wa kutupwa. Wengi wamejifunza.

Lakini mwenye kinga anaweza bado kubeba kirusi. Yeye haugui, ila wageni wasio na kumbukumbu wanaweza kuugua. Kosa linalofanyika mara nyingi ni hili: bwawa limepoteza nusu ya samaki, kikundi kinanunua vifaranga wapya haraka kujaza pengo, nao wanakufa pia. Msichanganye. Wakuzeni waliobaki hadi wauzwe, safisheni bwawa, ndipo muanze upya.

Mambo yanayoangusha kinga ya samaki

*Baridi na joto la maji.* Samaki hana joto lake mwenyewe. Joto la maji ndilo joto la mwili wake. Maji yakipoa, utengenezaji wa kingamwili hupungua kasi. Aina fulani za samaki wakiugua huogelea kutafuta maji ya moto zaidi, yaani hujitafutia homa. Tilapia hustawi katika nyuzi 25 hadi 30 hivi. Katika bwawa lenye kivuli kizito au maji baridi ya chemchemi, msitegemee kinga ya haraka.

*Msongamano.* Hesabu ya vifaranga 1,000 kwa mita za mraba 300 ni kama watatu kwa kila mita. Ukiweka mara mbili yake bila pampu ya hewa, hupati samaki mara mbili. Unapata samaki wenye wasiwasi. Wasiwasi huo hutoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo ikikaa mwilini muda mrefu huwalaza walinzi usingizi.

*Maji machafu.* Chakula kilichobaki na kinyesi hutoa amonia inayochoma matamvua, na hupunguza oksijeni.

*Magonjwa mawili kwa pamoja.* Kirusi kikichosha mwili, bakteria huingia kumalizia. Katika majaribio, samaki walioshambuliwa na vyote viwili walikufa zaidi kuliko walioshambuliwa na kimoja.

Dalili, na kwa nini si kila kifo ni kirusi

Dalili za TiLV ni hizi: samaki hataki kula, anaogelea polepole juu ya maji, rangi inakuwa nyeusi, ngozi ina vidonda au wekundu, macho yanakuwa na ukungu au yanatoka nje, tumbo linavimba. Magonjwa mengine yana dalili zinazofanana, na kipimo cha maabara pekee ndicho kinachothibitisha.

Hata hivyo, jinsi vifo vinavyokuja inakupa fununu:

- *Wanakufa pamoja alfajiri, wakubwa wakitangulia, wengine wakihema juu ya maji.* Fikiria kwanza ukosefu wa oksijeni. Mwanzoni mwa 2021 samaki wengi walielea Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga, na serikali ya Uganda ilieleza kwamba oksijeni ilikuwa imeshuka. Novemba 2022 wafugaji wa vizimba karibu na Kisumu walipata hasara kubwa, na watafiti wa Kenya wakaeleza kwamba maji ya chini yasiyo na hewa yalipanda juu.
- *Kila kitu kinakufa ndani ya saa chache: samaki wa aina zote, vyura, wadudu wa majini.* Hapo sumu inawezekana, kwa mfano dawa ya shambani iliyooshwa na mvua.
- *Wanakufa kidogokidogo, leo wachache na kesho wengi, kwa wiki moja au mbili, hasa wadogo, siku chache baada ya kuletwa.* Hapo ugonjwa wa kuambukiza unawezekana zaidi.

Tunakuomba uzingatie hili hasa. Katika makazi yetu, na kati ya wakimbizi na wenyeji, neno "sumu" linaweza kuvunja ujirani wa miaka mingi. Usilitamke kabla ya kuangalia.

Kabla ya kununua vifaranga

1. Ulizeni wametoka kituo gani cha kuzalisha. Muuzaji asiyeweza kujibu, mwacheni.
2. Kama kuna njia, nendeni wenyewe mkaone bwawa la samaki wazazi. Ulizeni kama kumekuwa na vifo miezi ya karibuni.
3. Nunueni kutoka chanzo kimoja. Kuchanganya vifaranga wa vituo vitatu ni kuchanganya magonjwa ya vituo vitatu.
4. Msivushe samaki hai mpakani kwa njia za panya. Kenya, kwa Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, inataka kibali ili kuingiza samaki hai. Mizigo inayofuata utaratibu hupitia ukaguzi, na ukaguzi unakulinda wewe.
5. Kama wewe ni mkimbizi, usivuke mpaka kwenda kununua vifaranga bila hati za safari. Unaweza kujiletea matatizo makubwa kuliko hasara ya samaki. Uliza kwanza Ofisi ya Waziri Mkuu ukiwa Uganda, au Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ukiwa Kenya.
6. Wakifika, elezeni mfuko juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha watoeni kwa wavu laini. Maji ya mfuko yamwagwe mbali, yasiingie bwawani.
7. Watengeni wiki mbili hadi tatu katika tangi au kibwawa kidogo chenye ndoo na wavu wake peke yake. Wakibaki wazima, wahamisheni.

Wakianza kufa

1. Acheni kuuza, kugawa au kuhamisha samaki hai. Hata kumpa rafiki vifaranga watano ni kumpelekea ugonjwa.
2. Toeni waliokufa kila asubuhi. Wazikeni shimo refu, mbali na maji, na mnyunyize chokaa juu yao. Msiwatupe mtoni.
3. Punguzeni chakula na ongezeni maji safi kama yapo. Msifungulie maji ya bwawa yaende kwa jirani wa chini.
4. Nyavu na ndoo zioshwe kwa dawa ya klorini na kuanikwa juani hadi zikauke kabisa.
5. Andikeni tarehe, idadi ya waliokufa kila siku, na walikotoka vifaranga. Daftari hilo lina thamani kuliko maneno mengi.
6. Mwiteni afisa wa uvuvi wa wilaya ukiwa Uganda, au wa kaunti ukiwa Kenya. Wekeni samaki wawili au watatu wagonjwa, au waliokufa muda huohuo, juu ya barafu. Aliyeoza hawezi kupimwa. Taasisi za utafiti ni pamoja na KMFRI ya Kenya na kituo cha utafiti wa ufugaji samaki cha Kajjansi nchini Uganda.
7. Baada ya kuvua wote, kausheni bwawa hadi udongo upasuke, wekeni chokaa kwa ushauri wa afisa, ndipo mjaze tena.

Maswali mnayoweza kujiuliza

*Je, tunaweza kula samaki wa bwawa lenye virusi?* Virusi hivi havimwambukizi mtu. Samaki mzima aliyevuliwa akiwa hai na kupikwa vizuri analiwa. Lakini msile wala kuuza aliyekutwa amekufa, kwa sababu hamjui kilichomuua, na huoza haraka.

*Muuzaji wa dawa anatuambia tuweke dawa za kuua bakteria. Inasaidia?* Haziui virusi. Zinaweza kusaidia tu kama daktari wa mifugo amethibitisha kuna bakteria pia. Kuzimwaga bwawani kwa kubahatisha ni kupoteza pesa na kuzifundisha bakteria kuzizoea, na siku moja dawa hizo mtazihitaji kwa watoto wenu.

*Je, tunaweza kuosha matumbo ya samaki wa sokoni bwawani?* Hapana. Hiyo ni njia rahisi ya kuleta ugonjwa nyumbani.

Mwisho

Kikundi kinachochanga pesa kidogo kila wiki hakina bima ya samaki. Bima yenu ni wiki mbili za kuwatenga, idadi isiyozidi uwezo wa bwawa, maji safi, na daftari. Mwili wa tilapia umepewa uzio, kengele, walinzi na kumbukumbu. Mpeni muda wa kuvitumia.

Na ikitokea asubuhi mmekuta samaki wanaelea, anzeni kwa kuhesabu, kuandika na kumpigia afisa. Jirani yenu huenda naye ana bwawa linaloelea samaki, na anajiuliza kama ni ninyi.